Mwaminifu, Mtiifu, Mkereketwa au Chawa: Neno Lipi Umpe Nani

Chukua karatasi tatu zinazopita kila mara mezani kwa mtu anayehariri Kiswahili: barua ya kumdhamini mhasibu anayeomba kazi, hotuba ya mjomba kwenye harusi, na tanzia ya mzee aliyeshika kadi ya chama kimoja tangu ujana wake. Zote tatu zitasema mhusika ni "mwaminifu". Maana yake ni kwamba mhasibu haibi, bwana harusi hana mambo ya pembeni, na marehemu hakuwahi kuhama chama. Hizo ni sifa tatu tofauti, na msomaji wa barua ya kwanza hana haja hata kidogo na sifa ya pili.

Lugha yetu si maskini kiasi hicho. Kabla ya kuandika, jiulize swali moja: mtu huyu ameshika nini? Ameshika amana ya mwenzake, amri ya mkubwa wake, haki, mkono wa rafiki, au rangi ya jezi? Ukishajua alichoshika, nusu ya maneno yanayokutatiza yatajiondoa yenyewe.

Mwaminifu na mtiifu

Hawa wawili ndio wanaochanganywa kuliko wengine wote, kwa hiyo tuanze nao na tukae nao kidogo.

Uaminifu ni wa ukoo mmoja na amana, imani na amani. Unakaa mahali pake pale ambapo kitu kimekabidhiwa na mwenye kitu hayupo: fedha, funguo, siri, mtoto. Waislamu wanakumbuka kwamba Mtume Muhammad aliitwa Al-Amin na watu wa Makka hata kabla ya utume. Wakristo wanalo lile neno la bwana aliyerudi safari kukagua talanta zake: "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu, ulikuwa mwaminifu kwa machache, nitakuweka juu ya mengi." Angalia kwamba bwana alikuwa hayupo. Angekuwepo nyumbani siku zote akitoa maagizo asubuhi na jioni, sifa ya kumpa mtumwa yule ingekuwa nyingine.

Mtiifu, kinyume chake, ni lazima awe na mkubwa. Bila amri hakuna utii. Mtoto ni mtiifu kwa wazazi, askari kwa kamanda, raia kwa sheria. Jeshi la Polisi Tanzania lilipotangaza kaulimbiu ya "Tii sheria bila shuruti" lilichagua neno sawasawa: halikuuliza moyoni mwako kuna nini, lilitaka tu usimame taa ikiwa nyekundu.

Tofauti yenyewe inaonekana vizuri kwa dada wa kazi za ndani. Ukimsifia kuwa ni mtiifu, umesema anafanya anachoambiwa. Ukisema ni mwaminifu, umesema unaweza kusafiri kwenda msibani Songea ukamwachia nyumba na watoto. Yupo dada mbishi, anayekujibu neno kwa neno na kupika anavyotaka yeye, na tangu aje hakuna hata shilingi iliyopotea juu ya kabati. Yupo mwingine ambaye kila ukimwita ni "abee mama", "ndiyo mama", na sukari ya mwezi inaisha tarehe 12. Ukitaka kumwombea kazi kwa shangazi yako, chagua neno kwa makini, maana shangazi atakurudia wewe.

Sasa nenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwako, mwulize mteja wake mwaminifu ni nani. Hatakutajia yule anayekuja kila siku; huyo ni kastama, au tuseme mteja wa kudumu. Atavuta daftari la madeni kutoka chini ya mizani, lile lenye jalada lililochanika, apitishe kidole kwenye orodha: unga kilo 2, sabuni ya mche, vocha, mafuta ya kupima. Kidole kitasimama kwenye jina ambalo mistari yake yote imekatwa kwa kalamu, ishara kwamba mwisho wa mwezi ukifika mtu yule hulipa bila kukumbushwa. Huyo ndiye mwaminifu. Anaweza kuwa anakuja mara moja kwa wiki, na mafuta ya taa akayanunua kwa jirani.

Kwa sababu hiyo mimi sipendi kampuni zinapotuandikia "mteja wetu mwaminifu" eti kwa kuwa tumenunua mara nyingi. Mnunuzi wa kila siku hajakabidhiwa chochote. Andikeni "mteja wetu wa kudumu" na mtaeleweka. Safaricom walipoanzisha pointi za wateja wao mwaka 2007 waliziita Bonga, neno la mtaani lenye maana ya kuongea, na Wakenya wakalizoea bila mtu kuhubiriwa uaminifu.

Ukikwama kati ya maneno haya mawili, tafuta kinyume chake. Kinyume cha mwaminifu ni mwizi, mwongo au msaliti, kutegemea alikabidhiwa nini. Kinyume cha mtiifu ni mkaidi, na akiwa na bunduki huitwa mwasi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza wakidai mishahara mizuri na vyeo vishikwe na Waafrika. Tukio lile tunaliita maasi ya jeshi, na ndivyo lilivyokuwa: utii ulivunjika. Ukiwaita askari wale wasaliti, unawatuhumu kwamba waliiuza nchi kwa mtu fulani, na hilo ni shtaka jingine kabisa.

Mwadilifu anaingia wapi?

Tuseme yule mhasibu wetu anaitwa ofisini na bosi, anaambiwa asaini stakabadhi za semina ambayo haikufanyika. Mtiifu atasaini. Mwaminifu atahangaika, kwa sababu ana amana mbili zinazovutana: ya bosi aliyempa kazi na ya fedha alizokabidhiwa. Mwadilifu hatasaini, na kesho yake atakuja kazini kama kawaida.

Uadilifu unatokana na haki. Mwadilifu hahitaji mkubwa wala mwenye mali. Angekuwa peke yake kisiwani bado asingepunja mizani. Hii ndiyo sababu barua ya kumdhamini mtu wa fedha inapaswa kuwa na neno hili, kama kweli analistahili. "Mwaminifu na mtiifu" peke yake, kwa mwajiri anayesoma kwa jicho kali, inaweza kusomeka kama "hatakuibia, na ukimwagiza aibe atakuibia vizuri".

Serikali ya Tanzania yenyewe imeyatenganisha mambo haya. Ibara ya 68 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamtaka kila mbunge aapishwe kiapo cha uaminifu kabla ya kuanza kushiriki shughuli za Bunge. Lakini tazama hafla za Ikulu wateule wanapoapishwa: mmoja mmoja anashika Biblia au Kurani, anamaliza kwa "Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie", anasaini, halafu wote wanasimama tena kwa pamoja kutamka Ahadi ya Uadilifu kwa Viongozi wa Umma. Anayeangalia televisheni kijuujuu huona kiapo kinarudiwa. Hakirudiwi. Mara ya kwanza mtu amefungwa kwa Jamhuri, mara ya pili amefungwa namna atakavyotumia cheo.

Na wazee wa TANU walishalisema mapema katika ahadi zao: "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Dhamana ni jirani wa amana. Ukisoma ahadi zile kwa mpangilio wake utaona pia kwamba ile ya "Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko" imetangulia ile ya kuwa mwanachama mwaminifu na raia mwema wa Tanzania na Afrika. Sijui kama waliopanga walikusudia, ila mimi ningeupanga hivyo hivyo.

Mwaminifu kwa nani?

Jambo moja dogo la sarufi linalobeba siasa nzito: usiache "mwaminifu" limalizike hewani kwenye habari za utawala. Andika mwaminifu kwa nani.

Kenya ilipokuwa chini ya hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikuwa ikitoa hati za uaminifu kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru walioonekana kuwa upande wake. Uchaguzi wa Machi 1957, ambao kwa mara ya kwanza Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, watu wa jamii hizo hawakuruhusiwa kupiga kura bila hati hiyo. Kwa afisa wa wilaya, mwenye hati alikuwa mwaminifu. Kwa ndugu yake aliyekuwa msituni na Mau Mau, alikuwa msaliti, na kama alijiunga na homugadi, yaani mgambo wa serikali hiyo, alikuwa mbaya zaidi ya Mzungu. Ukiandika historia ya miaka ile ukasema tu "Waafrika waaminifu", umeshachagua upande bila kujijua. "Waliokuwa upande wa serikali" ni maneno manne, na hayamwonei mtu.

Neno "mzalendo" nalo lina hatari ya namna hiyo kwa sasa. Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa, mzalendo ni mtu anayeipenda nchi yake. Kwa msomaji wa Goma au Bukavu, Wazalendo ni vikundi vya wapiganaji vilivyobeba silaha upande wa serikali ya Kongo dhidi ya waasi wa M23. Ukimwandikia rafiki yako wa Kivu kwamba mtoto wake ni mzalendo, fafanua.

Chama: kada, mkereketwa, mpambe, chawa

Hapa maneno ni mengi kwa sababu mahitaji ni mengi.

Mfuasi ni neno lisilo na joto wala baridi. Litumie kwenye habari unapotaka usalama wa mwandishi. Kada ana mafunzo, ana majukumu, anajua itikadi na ana nguo ya kuvaa siku ya mkutano. Si kila mwanachama ni kada, na kumwita kada mtu aliyechukua kadi juzi ili agombee ni kumpandisha cheo bure. Mkereketwa ni hali ya moyo: jambo la chama likiguswa linamkereketa yeye binafsi. Anaweza asiwe na cheo chochote. Ndiye anayepaka rangi maskani, ndiye anayegombana na shemeji yake wakati wa uchaguzi. Kwa tanzia ya yule mzee aliyeshika kadi moja maisha yake yote, "mkereketwa" linamfaa kuliko "mwaminifu", isipokuwa kama alikuwa mweka hazina.

Mwandani hulikuta sana kwenye magazeti ya Kenya: mwandani wa Rais, wandani wa kiongozi wa upinzani. Ni mtu wa ndani, anayeketi karibu na anayejua kinachopikwa. Halisemi kama anampenda mkubwa wake au anasubiri zamu yake, na hiyo ndiyo faida yake kwa mwandishi wa habari.

Mpambe ni neno linalogeuka kulingana na shughuli. Kwenye harusi, mpambe wa bibi harusi ni heshima. Anashika shela, anafuta jasho. Kwenye siasa, mpambe ni yule anayemremba kiongozi ili naye apate. "Wapambe nuksi" si sifa.

Halafu kuna chawa, neno la miaka ya karibuni Tanzania. Chawa anaishi kichwani kwa mtu na kula pale pale. Anasifia asubuhi, anasifia usiku, anawatukana wasiosifia, na chakula chake ni hizo sifa. Lililonishangaza ni kwamba wapo walioliokota tusi hili wakalivaa kama beji, wakajitambulisha hadharani kuwa wao ni chawa wa fulani. Kwa hiyo ukiliandika, angalia kama mwenyewe amejiita hivyo. Kama hajajiita, ujue umemtukana.

Chawa na mtiifu wanafanana kwa mbali. Ukikaribia wanaachana: mtiifu anafuata amri hata asipoonwa, chawa hafanyi kitu pasipo kamera. Na chawa akihama kichwa, hasemi amehama. Kati ya mwaka 2017 na 2018, wabunge na madiwani wa upinzani waliokuwa wakijiunga na CCM walitupatia msemo mzima wa kufunika hilo: "kuunga mkono juhudi". Msemo huo sasa unatumika kwa dhihaka hata kwa mtu aliyehama kutoka kijiwe kimoja cha kahawa kwenda kingine.

Kenya ya Rais Moi ilikuwa na kasuku. Mwaka 1984 aliwataka hadharani mawaziri na watu wengine waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake kama yeye alivyofuata wa Mzee Kenyatta. Kasuku hana shibe ya chawa. Yeye anarudia tu. Kwa hiyo kwa mtu anayekariri kauli za mkubwa bila kupata chochote, "kasuku" linatosha. "Chawa" liachie anayelipwa.

Kibaraka ni tofauti na wote hao. Nguvu yake inatoka nje, na bwana wake yuko nje. Usilitumie kwa ugomvi wa kata.

Mpira

Simba ya 1936 na Yanga ya 1935 zimeizalishia lugha yetu maneno ya kushikamana kuliko vyama vyote vya siasa. Mwanachama ana kadi na analipa ada. Mpenzi anaipenda timu kutoka sebuleni. Shabiki anakwenda uwanjani. Simba damu, au Yanga damu, amerithi kwa baba. Lialia ni yule ambaye timu ikifungwa nyumba nzima inajua, na chakula hakiliki. Juu ya wote kuna mnazi, ambaye hajawahi kuona penalti halali dhidi ya timu yake. Unazi ni upofu wa kujitakia, na watani husema hivyo kwa upendo. Shabiki maandazi hana ujuzi wa mpira, ana kelele.

Kwa wasomaji wa Kenya, "mnazi" watakuelewa kuwa unaongelea mti wa nazi. Waandikie "shabiki kindakindaki" au "shabiki sugu", ndivyo waandishi wa michezo wa kule walivyozoea. "Shabiki mwaminifu" halina kosa, ila limepoa kama chai ya jana.

Rafiki

Kwa urafiki nashauri uache kabisa vivumishi, utumie misemo, kwa sababu misemo ndiyo iliyokomaa. "Rafiki wa kufa na kuzikana" ni kipimo cha juu: mmoja akifa, mwenzake ndiye atakayeshika jeneza. Usimwambie mtu uliyefahamiana naye miezi miwili. "Chanda na pete" na "ulimi na mate" vinaonyesha kutoachana. Vya kwanza vinapendeza kwa wachumba, vya pili kwa marafiki wa kike na kiume wowote. "Uta na upote" ni ya washairi zaidi, na vijana wengi watakuuliza upote ni nini. "Bega kwa bega" ni ya kazi: waliojenga zahanati, waliofanya kampeni, waliouguza mgonjwa kwa zamu.

Swahiba na mwandani ni maneno ya pwani na ya maandishi. Mtaani utasikia "mwanangu", "mshikaji", "mtu wangu wa nguvu". Na kuna msiri, neno lililosahauliwa bila sababu. Msiri wako anaweza asikutembelee mwaka mzima. Jambo lako ulilomweleza halijatoka kinywani mwake. Kwa uaminifu wa ulimi hakuna neno linalolizidi.

Methali nazo zina mahali pake, na washereheshaji wanazichezea vibaya. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" ni ya kumshukuru mtu, kwenye msiba au baada ya kuugua. "Usiache mbachao kwa msala upitao" ni ya kuonya: mkeka wako mkuukuu ni wako, ule mzuri wa kuswalia unaopita ni wa mtu. Inamfaa kijana anayetaka kuacha kazi ya miaka kwa sababu ya ahadi ya simu, au mtu anayemtupa mke wa ujana wake. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" ni methali ya damu. Nimeisikia ikitamkwa ukumbini mbele ya bibi harusi, mtu asiyezaliwa na bwana harusi, ambaye kazi yake kuanzia siku hiyo ilikuwa ni kula naye. Upande wa mke walinyamaza wote.

Ndoa

Kwenye ndoa "mwaminifu" limestahili kukaa, kwa sababu limo ndani ya ahadi yenyewe kanisani: katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Mahali pa kuchagua ni kwenye kinyume chake, na hapo uzito unatofautiana sana.

"Kuchepuka" ni kuiacha barabara kuu. Lina utani ndani yake, na ndilo lililotumiwa kwenye kampeni ya afya iliyosema "michepuko sio dili, baki njia kuu". Kenya wana "mpango wa kando", nalo lina ucheshi wake. "Nyumba ndogo" si tendo, ni taasisi: kuna kodi inalipwa, pengine na watoto. "Kutoka nje ya ndoa" ni la gazetini na la mshauri nasaha. "Kuzini" ni la dini, na anayelitamka anahukumu kwa kitabu. "Kusaliti ndoa" ni la aliyeumizwa.

Kwa hiyo mwandishi wa safu ya ushauri anayemjibu mwanamke anayelia asimwambie "mumeo amechepuka". Neno lile linacheka. Upande wa pili, mtu anayeandika utani wa vijiweni akiweka "uzinzi" kila mstari atageuka mhubiri.

Kwa sifa nzuri nje ya kanisa, mtaani wanasema "ametulia". Mwanamume aliyetulia ni zaidi ya asiyechepuka: mshahara unafika nyumbani, na simu yake inalala juu ya meza.

Aliyekuacha alikufanyia nini hasa?

Watu wanaliharakia "kusaliti" mno. Lina ukubwa wake, na linataka kuwe na upande wa pili uliofaidika. Yuda alisaliti, kulikuwa na vipande vya fedha. Petro hakusaliti, alikana: aliulizwa kama anamjua, akasema hamjui. Injili imewatendea tofauti watu hao wawili, na lugha pia iwatendee tofauti.

Rafiki aliyekuwa upande wako kwenye kikao, kura zilipopigwa akapiga upande wa pili mbele ya macho yako, amekugeuka. Aliyefanya hivyo kimyakimya, ukaja kugundua kwa watu baada ya wiki, amekuzunguka. Aliyeacha kupokea simu zako biashara ilipoyumba amekutosa, na inawezekana hakukufanyia ubaya mwingine wowote. Aliyeitoa siri yako kwa polisi au kwa bosi amekuchoma. Bendera fuata upepo hajakufanyia wewe kitu maalumu. Ndivyo alivyo kwa kila mtu. Ndumilakuwili ni mbaya kuliko bendera, maana anauma huku na huku kwa wakati mmoja, na kila upande unamhesabu kuwa wake.

Haini ni neno la mahakama. Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio la askari wa jeshi la anga la Kenya la kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, alihukumiwa kwa uhaini na kunyongwa mwaka 1987. Katibu wa kikundi cha kukopeshana aliyetoroka na fedha za mzunguko si haini, hata mkiwa na hasira kiasi gani. Ni mwizi.

Kuna jambo la "kumkingia kifua" mtu, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni ushujaa. Kumtetea mtu ni kusema kwa hoja kwamba hana kosa. Kumkingia kifua ni kusimama mbele yake ili hoja zisimfikie. Kwenye hotuba ya kumuaga mkuu wa idara, ukisema "alitukingia kifua sana", ukaguzi ujao utaanzia mezani kwake.

Mwisho wa barua

Hili ni dogo lakini linaulizwa kila msimu wa ajira. Shule nyingi za Tanzania zimetufundisha kumaliza barua ya kuomba kazi kwa "Wako mtiifu". Kenya wengi humaliza kwa "Wako mwaminifu". Zote zinakubalika, na hakuna aliyenyimwa kazi kwa sababu hiyo. Mimi, kwa mtu anayeomba nafasi ya chini katika ofisi ya serikali, naliacha "mtiifu" libaki kwa sababu ndiyo desturi. Kwa mwanasheria, mkaguzi wa hesabu au mhariri, namwandikia "Wako mwaminifu", hata kama anaishi Mwanza. Barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba aliyepandisha kodi bila notisi, jina na sahihi vinatosha.